Mashine Isiyo na Feni

Siku Lai Yen-ting alipoitoa ile kompyuta mpakato kwenye kitambaa chake cha kijivu na kuiweka mezani, chumba kizima kilishusha pumzi, na mimi nikiwemo. Siwezi kusema uongo. Ilikuwa nyembamba, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kingo zake zimelainishwa hata mkono ukishaigusa unatamani kurudi. Mfuniko uliinuka kwa kidole kimoja bila kitako kunyanyuka. Nimefanya kazi ya kompyuta hapa Neihu, mtaa wetu wa kampuni za kompyuta, tangu zilipokuwa nzito kama mizani ya muuza nyama, na nilijua papo hapo kwamba sijapata kuona nzuri kama ile.

Kisha nikaigeuza, nikaitazama mgongoni, nikaitazama ubavuni, hasira zikanipanda.

"Mkurugenzi Lai," nikasema, "feni iko wapi?"

"Haina feni, Dada Ping."

"Na matundu ya kutolea joto?"

"Kuna mwanya huku nyuma, kwenye bawaba. Mtu hauoni."

"Mtu hauoni. Na hewa je, itauona?"

Watu wakacheka. Lai naye akacheka, maana ni kijana mwenye adabu. Alisomea usanifu wa vyombo huko Milano, akarudi na miwani ya duara na tabia ya kuongea polepole kama mtu anayepimia dawa.

"Dada Ping, bibi harusi akiingia ukumbini, nani anamuuliza mifuko ya gauni iko wapi?"

"Gauni la harusi linavaliwa siku moja, mdogo wangu. Hili vazi lako mtu atalivaa miaka."

Feni ilinikaa kooni kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa chumba cha joto. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko chumba. Tulikuwa wawili tu, mimi na Kaka Hung, mwanamume mwenye meno mekundu kwa tambuu na mdomo usio na kizuizi. Kazi yetu ilikuwa kuzitesa mashine za kampuni mpaka zichemke, halafu kuzitafutia njia ya kupumua. Sasa mashine isiyo na feni ina haja gani na watu wa joto? Bosi Tseng alilisema hilo mbele za watu, huku akiipapasa ile mpakato kama anampapasa mjukuu.

"Ikipita hii, chumba chenu tutakifanya studio ya picha. Kina mwanga mzuri."

"Na sisi, Bosi?"

"Aa, ninyi ni familia."

Ofisini ukisikia umeitwa familia, anza kukusanya vyombo vyako. Nikapiga meza. Nikamwambia mashine ile itazimika siku ya kwanza itakapopewa kazi ya maana, na kwamba nitabaki kwenye kiti changu mpaka mtu aniambie joto litatokea wapi. Bosi Tseng hapendi ugomvi, lakini kamari anaipenda, na palepale akaona njia ya kuugeuza ugomvi wangu kuwa kamari. Wanunuzi wa Japani na Ujerumani walikuwa wanakuja kwenye maonyesho ya kompyuta ya Nangang. Akaamua kwamba mashine ya Lai itawekwa mezani ifanye kazi nzito mbele yao, muda wote wa mazungumzo. Ikistahimili, itaundwa hivyo hivyo bila feni. Ikizimika, feni yangu itaingia na chumba cha joto kitabaki.

"Mbele ya wageni?" Lai akauliza, uso umembadilika.

"Si umesema haitoki jasho?" akasema Bosi Tseng.

Mimi na Kaka Hung tukaunda ya kwetu, iwe tayari. Mashine ileile, ila tuliiongezea unene wa ukucha, tukaipa feni, tukaitoboa matundu yanayoonekana, tukaweka vitufe vinavyozama vizuri na pa kuchomeka waya kila upande. Ilipokamilika Kaka Hung akaizunguka, mikono kiunoni.

"Dada, imekaa kama karani wa posta."

"Karani wa posta hazimiki kazini."

"Sawa. Lakini hakuna anayemwota usiku."

Nikamwambia akateme tambuu yake huko nje.

Kampuni huwa na siku ya kuwaita jamaa zetu waje kujaribu mashine kabla hazijatoka. Wanatia saini kwamba hawatasema nje, wanapewa juisi, wanaketi kubonyeza. Nikamwita binti yangu, Wanju. Ni mwandishi wa gazeti, kutwa yuko juu ya pikipiki na mpakato mgongoni, habari zake anaziandikia mikahawani na kwenye ngazi za mahakama. Kama kuna mtu duniani anayehitaji mashine ya kufaa, ni yeye. Nilimweka mbele ya zote mbili, nikasimama pembeni nimekunja mikono, nimeshashinda moyoni.

Kwenye yangu aliandika kwa kasi, akatikisa kichwa akisema nzuri, nzuri. Akahamia ya Lai. Vitufe vyake vilikuwa bapa, vinagonga kama unaandika juu ya meza, na nilimwona akivikunjakunja vidole chini ya meza akidhani sioni. Akatafuta pa kuchomeka flash yake, akaizungusha mashine, akakosa. Akaifunga. Akaifungua tena kwa kidole kimoja. Akaifunga tena, akatabasamu.

"Hii yako inafaa, Mama," akasema. "Ile naitaka."

"Vidole vimekuuma. Nimekuona."

"Vitazoea."

"Na flash utachomeka wapi, puani?"

"Nitanunua kile kiwaya cha kuunganishia."

"Kining'inie kama kamasi?"

"Mama, jamani!"

"Niambie kwa nini. Mimi si mpumbavu, niambie nielewe."

Akafikiri, maana swali langu halikuwa la utani. "Nikienda kumhoji mkubwa, anatazama viatu vyangu, halafu anatazama kompyuta yangu, ndipo anaamua anijibu vipi. Na hii yako ataona nimetumwa. Na ile ataona nimekuja mwenyewe."

Hata Lai mwenyewe, kila alikokwenda, alibeba kimkoba cha viunganishi na viwaya kilichojaa kama mkoba wa mganga. Nilimcheka kwa hicho kila siku. Baada ya maneno ya Wanju kicheko kiliniishia, nikaanza kuogopa.

Siku ya maonyesho ikafika. Hapa kwetu mashine haiwashwi mbele ya wageni bila pakiti ya kijani. Ni vitafunwa vya watoto tu, vya mahindi yenye ladha ya nazi, ila vikiwekwa karibu na mashine, mashine hutulia kama mtoto aliyebembelezwa. Iwe ya kijani, maana ya njano inazitia mashine kiburi. Isiwe imepitwa na tarehe. Isiliwe mpaka kazi iishe. Mkubwa kwa umri ndiye huinunua na kuiandika jina la mashine kwa kalamu nene, na mkubwa nilikuwa mimi. Lai alikataza kabisa isionekane mezani, akasema itaharibu picha. Bosi Tseng, ambaye angekubali kuja bila suruali kuliko kuja bila pakiti, akaninong'oneza, "Dada Ping, nunua tu."

Nikanunua. Niliitaka mashine ile ishindwe, lakini ishindwe kwa haki, mtu asije akasema niliinyima bahati. Nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mkubwa, nikaiweka chini ya meza, nyuma ya kitambaa cheupe.

Baada ya chakula cha mchana tulipunguza taa za banda letu, kila mtu akalaza kichwa juu ya mikono yake kama tufanyavyo ofisini. Usingizi haukunijia. Nikamwona Bosi Tseng anatembea kwa ncha za vidole, amevua viatu, anainama, anaitoa pakiti chini ya meza, anaishika kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Nilidhani anaiombea tu mashine. Hata nilimhurumia kidogo, mzee wa watu na soksi zake, nikafumba macho.

Wageni wakaja. Mashine ilikuwa inakata na kuunga filamu kubwa, picha zinapita kwenye kioo laini kabisa. Wajapani waliinama kuitazama. Bwana mmoja Mjerumani, mrefu, alisema neno moja tu na mkalimani akasema maana yake ni "hatimaye." Lai alizungumza polepole, vizuri, na mimi niliyesimama mbele pamoja na wageni niliona watu wakimsikiliza kama wanavyosikiliza muziki. Bosi Tseng akaanza kutaja idadi.

Ndipo picha zikaanza kukwama. Zikaenda, zikakwama, zikaenda. Kioo kikawa cheusi.

Lai alikuwa mweupe kama tofu. Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilikiona chumba changu, meza zangu, Kaka Hung na kopo lake la kutemea, vyote vimepona. Nilikuwa nimesema na imekuwa, tena mbele ya wanunuzi, kama Bosi mwenyewe alivyotaka.

Yule Mjerumani akazunguka nyuma ya meza. Akainama, akainuka na pakiti ya kijani, imetuna kwa joto. Ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kioo, juu ya bawaba, imeuziba ule mwanya wote.

"Hiki nini?" mkalimani akatuulizia.

Akaelezwa. Akacheka, akaipokeza kwa Wajapani, nao wakacheka wakifunika midomo. Wakapiga picha na pakiti, wakapiga na mashine, mmoja akaomba apewe yake akaiweke kwenye kompyuta za ofisini kwao. Sijawahi kuona mashine iliyozimika ikipendwa kiasi kile.

"Imezibwa pumzi," Lai akasema haraka. "Mwanya ulikuwa umezibwa. Bila pakiti isingezimika."

Bosi Tseng akaichukua pakiti, akaugeuza upande wenye mwandiko wangu, akauinua wageni wauone. "Dada Ping, Dada Ping! Unaipenda mashine mpaka unaiua kwa kuikumbatia!"

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nilimtazama, naye akanitazama, na alijua. Lakini hakuna mtu wa kwetu anayemvua bosi wake nguo mbele ya wanunuzi. Hata Kaka Hung, ambaye mdomo wake haujui kufungwa, aliufunga. Nikainama, nikatabasamu, nikaomba radhi kwa kosa la mtu mwingine. Mashavu yaliniuma kwa tabasamu lile.

Walipoondoka, wameshaagiza, nikamfuata nyuma ya banda.

"Bosi, mimi niliiweka chini ya meza. Uliyeitoa ni wewe. Nilikuona."

Akavua miwani akaifuta. "Nilitaka iwe karibu nayo. Nikaona huko nyuma wageni hawataiona."

"Basi waambie."

"Niwaambie mimi ndiye niliyeizima? Wewe una hasara gani, Dada? Wamecheka tu."

"Nina chumba! Tuliwekeana dau. Turudie bila pakiti, tuone kama haizimiki."

"Turudie nini? Wameagiza bila feni. Mashine haikushindwa, Dada Ping, pakiti ndiyo iliyoshindwa." Akavaa miwani yake. "Na usinipandishie sauti, watu wanafungasha."

Nikarudia mwenyewe. Kesho yake tuliiweka ile mashine kwenye chumba cha joto, haina kitu nyuma yake, haina kitu juu yake, tukaipa kazi ileile. Lai alikuja bila kuitwa, akakaa kwenye kiti cha plastiki na mkoba wake magotini. Ilikwenda muda mrefu kuliko jana. Halafu picha zikaanza kukwama. Ilipozimika Lai aliigusa, akaurudisha mkono haraka.

"Uzuri wa mkakasi," Kaka Hung akasema, "ndani kipande cha mti."

Lai hakukasirika. "Naweza kuipunguzia mwendo," akasema. "Ikianza kupata joto, ipunguze kasi yenyewe. Haitazimika."

"Mtu analipa bei ya farasi," nikamwambia, "wewe unampa punda aliyevishwa tandiko la farasi."

"Wengi hawatajua."

"Wewe utajua. Nenda ukamwambie Bosi ulichokiona hapa. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Unene wa ukucha tu, Lai! Ukucha!"

Aliitazama mashine. "Ukiongeza ukucha, Dada Ping, si yenyewe tena. Nimejaribu. Nimechora mpaka nimeota. Ikinenepa kidogo tu inakuwa kama nyingine zote. Ni nzuri."

"Najua ni nzuri! Unadhani mimi sina macho? Ndiyo maana nataka iishi!"

Akainuka, akanipa mkono kwa heshima, akafunga mlango taratibu. Kwa Bosi hakwenda. Sikumchukia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana ningemchukia ningelala vizuri.

Ukafika mwisho wa mwaka na karamu yake. Zamani kwetu tajiri hakuwa na haja ya kumwambia mtu basi. Kuku mzima aliletwa mezani na kichwa chake, na yule ambaye kichwa kilimwelekea alijua kwamba baada ya mwaka mpya asirudi. Siku hizi mabosi wameona aibu. Kuku wa Bosi Tseng alikuja amekatwa kichwa, watu wakashangilia, na ile meza ya duara ikazungushwa kila mtu akajipakulia kwa amani.

"Ameshakuwa mtu mwema," nikamwambia Kaka Hung.

"Kula kwanza," akasema. "Sherehe haijaisha."

Ikaja bahati nasibu. Mimi katika miaka yangu yote pale sikuwahi kushinda hata mwavuli. Walishinda majiko ya kupikia wali, wakashinda mablanketi, ikabaki zawadi ya kwanza. Bosi Tseng akapanda jukwaani, akatumbukiza mkono kwenye sanduku, akatoa kikaratasi kilichokunjwa.

"Chien Hsiu-ping!" akaita. "Dada Ping wetu!"

Ukumbi ukapiga makofi, watu wakasimama. Kaka Hung peke yake alikaa, ameacha kutafuna.

"Dada," akasema, "ameita jina lako na karatasi bado imekunjwa."

Ndivyo nilivyojua. Nilipanda jukwaani, nikapokea boksi jeupe kwa mikono miwili kama inavyopasa, na ndani yake mlikuwa na mashine rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Bosi Tseng alinishika bega kwa mapenzi ya kweli. Aliniambia nimeitumikia kampuni na sasa nipumzike. Baada ya sikukuu Kaka Hung akahamishiwa bohari, chumba cha joto kikapakwa rangi nyeupe, na naambiwa picha zinazopigwa mle zinatoka safi sana.

Wanju alipoliona lile boksi alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikampa. Ningefanya nayo nini mimi? Kwa miezi ya baridi alitamba nayo mjini, na kweli wakubwa walimjibu vizuri zaidi, sitamnyima haki yake. Boksi hakulitupa. Alisema boksi lenyewe ni zuri mno.

Halafu likaja joto la mwezi wa saba, lile linalolaza hata mbwa. Kiyoyozi cha chumba chake kiliharibika, akaja kwangu asubuhi na habari ya ukurasa wa mbele ambayo haijaisha, gazeti linaisubiri kabla ya saa sita. Akakaa kwenye meza yangu ya chakula. Akaandika. Baada ya muda nikasikia vitufe vimenyamaza.

"Mama, inajikokota. Naandika neno, linakuja baadaye."

"Imepata joto. Inajipunguzia mwendo."

"Kwa nini sasa? Mashine ya bei hii!"

"Muulize Lai Yen-ting."

"Mama, sitanii. Wananipigia." Simu yake ilikuwa inalia kweli, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Nitaipoteza hii habari. Fanya kitu, si ndiyo kazi yako?"

Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nikatazama huku na huku. Nikaona lile boksi juu ya kabati, nikalishusha, nikachomoa mfuniko wake mweupe, mgumu, wenye kingo laini, nikaanza kuipepea mashine.

"Unafanya nini?"

"Andika."

Akaandika. Maneno yakaanza kuja, kwanza kwa kuchechemea, halafu pamoja na vidole vyake.

"Imeamka! Mama, usiache."

Sikuacha. Mkono wa kulia ulipochoka nikahamia wa kushoto. Jasho lilinitiririka mgongoni, na mashine ilikaa pale mezani imepigwa na mwanga wa dirisha, kavu, nyembamba, nzuri kama siku ile ya kwanza.

"Upande huu hewa haifiki vizuri," Wanju akasema bila kuinua macho. "Kaa huko nyuma, kwenye bawaba."

Nikakivuta kiti changu, nikakaa nyuma ya kioo, mbele ya ule mwanya ambao mtu hauoni, nikaendelea kupepea.